Chuo Kilichouacha Mpira: Kupanda na Kufutwa kwa Futiboli ya Chuo Kikuu cha Chicago, 1892–1939

Miongoni mwa mambo yanayovitofautisha vyuo vikuu vya Marekani na vya nchi nyingine nyingi ni desturi ya chuo kumiliki timu inayotazamwa na makumi ya maelfu ya watu, kumwajiri kocha kwa mshahara mnono, na kujenga uwanja ambao mara nyingi ni mkubwa kuliko jengo lolote la taaluma lililo karibu nao. Mchezo unaobeba desturi hiyo zaidi ya mingine yote ni futiboli ya Kimarekani, ambayo katika makala haya itaitwa futiboli ili isichanganywe na soka: mchezo wa wachezaji 11 kila upande, wenye mpira wa umbo la yai unaobebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa mguu, ambamo kila timu hujitahidi kuuvusha mpira ng'ambo ya mstari wa goli wa wapinzani huku wachezaji wakizuiana na kuangushana kwa nguvu za miili yao.

Desemba 1939, Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa kimetwaa ubingwa wa kanda yake mara saba na kumtoa mshindi wa kwanza wa tuzo kubwa kuliko zote katika futiboli ya vyuo, kilitangaza kwamba hakitacheza tena mchezo huo. Tangu hapo uamuzi huo umeelezwa kwa namna mbili zinazopingana: wapo wanaouona kuwa ushujaa wa wasomi waliokataa kutawaliwa na mapato ya getini, na wapo wanaouona kuwa kisingizio cha chuo kilichochoka kufungwa. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli lakini hayatoshi, kwa kuwa swali lililoiua timu ya Chicago ndilo lililoizaa, yaani mchezo ndani ya chuo una kazi gani. Chuo hicho kililijibu swali hilo mara tatu, na kila mara kwa jibu jipya.

Timu kama mhimili wa chuo kichanga

Chuo Kikuu cha Chicago kilianzishwa 1890 kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller na juhudi za Wakristo wa madhehebu ya Kibaptisti, kikafungua milango yake Oktoba 1892. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa mtaalamu wa lugha za Kisemiti aliyefundisha Yale, na alidhamiria kuanzisha kwa mkupuo mmoja chuo cha utafiti ambacho kingesimama sawa na vyuo vya mashariki mwa nchi vilivyokuwa na umri wa zaidi ya karne moja. Chuo cha namna hiyo hakikuwa na wahitimu wa kukichangia, hakikuwa na mapokeo ya kuwaunganisha wanafunzi wake, wala hakikuwa na jina katika masikio ya wakazi wa jiji ambalo lenyewe lilikuwa likikua kwa kasi ya ajabu.

Katika mazingira hayo Harper alimwita Amos Alonzo Stagg, mwanafunzi wake wa zamani wa Yale aliyekuwa amesomea dini na wakati huohuo kusifika kama mchezaji hodari. Stagg hakuajiriwa kama kocha wa msimu, kama ilivyokuwa kawaida ya zama hizo, bali alipewa cheo cha profesa mshiriki na kuwekwa mkuu wa idara ya elimu ya viungo na michezo, akiwa na uhakika wa ajira kama mwalimu mwingine yeyote. Hatua hiyo haikuwa ya kawaida hata kidogo, na maana yake ilikuwa nzito, kwa sababu iliuingiza mchezo ndani ya muundo wa chuo: kuanzia siku hiyo futiboli haikuwa tena burudani iliyoendeshwa na wanafunzi wenyewe nje ya darasa, bali kazi ya chuo yenye idara, bajeti na mkuu wake.

Mwanzo ulikuwa mnyonge, kiasi kwamba katika msimu wa 1892 Stagg mwenyewe aliingia uwanjani kucheza kwa kuwa wachezaji hawakutosha. Hata hivyo, miaka miwili tu baadaye timu ilisafiri kwa reli hadi California kucheza na Stanford, safari ambayo faida yake kubwa haikuwa matokeo ya uwanjani bali jina la chuo kuandikwa magazetini kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Mfanyabiashara Marshall Field alitoa ardhi, uwanja ukajengwa na kuitwa kwa jina lake, na baadaye, jiji lilipokwisha kumjua Stagg kuliko maprofesa wengi wa chuo, uwanja huo ukabadilishwa jina ukaitwa Stagg Field. Mwaka 1896 Chicago ilikuwa miongoni mwa vyuo saba vilivyounda umoja wa michezo wa kanda ya kati ya magharibi, ambao baadaye ulijulikana kama Big Ten, yaani Kumi Wakubwa, na ambao lengo lake lilikuwa kuwapa walimu mamlaka ya kuamua nani ana sifa za kuichezea timu ya chuo.

Ubingwa wa kanda ulipatikana 1899, 1905, 1907, 1908, 1913, 1922 na 1924. Mchezo uliokumbukwa kuliko yote ulikuwa wa 30 Novemba 1905, Sikukuu ya Shukrani, ambapo Chicago iliifunga Michigan 2–0 mbele ya watazamaji zaidi ya 25,000. Pointi hizo mbili zilitokana na mchezaji wa Michigan kukamatwa na mpira nyuma ya mstari wa goli lake mwenyewe, nazo zilitosha kuikatisha timu hiyo mfululizo wa michezo 56 bila kupoteza hata mmoja. Jibu la kwanza la swali letu, basi, lilikuwa wazi: futiboli ilikuwapo ili kukijenga chuo, kukipa sauti mjini na kuwapa wanafunzi waliotoka sehemu mbalimbali jambo moja la kushangilia pamoja.

Dosari zilizoonekana mapema

Mwaka huohuo wa 1905 ulionyesha pia sura ya pili ya mchezo. Vijana kadhaa walikufa viwanjani nchini Marekani, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton ili kudai mchezo usafishwe. Kutokana na shinikizo hilo sheria zilibadilishwa 1906 na pasi ya kurushwa mbele ikaruhusiwa ili wachezaji watawanyike badala ya kugongana katika lundo moja, na chombo cha kitaifa cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho leo hujulikana kwa herufi NCAA, kikaanzishwa.

Mageuzi hayo yalipunguza vifo, lakini hayakugusa mzizi wa pili wa tatizo, ambao ulikuwa fedha. Chuo kinachouza tiketi huhitaji ushindi ili tiketi zinunuliwe. Anayehitaji ushindi huhitaji wachezaji bora. Naye anayetafuta wachezaji bora hushawishika kuwapokea vijana ambao asingewapokea kwa vigezo vya masomo, kuwatafutia kozi nyepesi na kuwalipa kwa njia za kificho. Mnamo 1929 taasisi ya Carnegie ilichapisha ripoti ndefu iliyotokana na kuvitembelea vyuo zaidi ya mia moja, ikaeleza kwa ushahidi kwamba kuwasaka na kuwafadhili wachezaji kwa siri kulikuwa kumeenea mno. Kwa hiyo Chicago ilipofika njia panda haikuwa na maradhi yake peke yake, bali ilikumbana, mapema kuliko wenzake, na hali iliyokuwa ikivikabili vyuo vyote.

Kwa nini Chicago ilidhoofika

Kilele cha mwisho kilikuwa Novemba 1924, ambapo Chicago ilitoka sare ya 21–21 na Illinois ya Red Grange, mkimbiaji aliyekuwa akitajwa katika kila gazeti la nchi, kisha ikatwaa ubingwa wake wa saba. Baada ya hapo hakikupatikana kingine, na sababu zake zilikuwa nne, ambazo hazikuja kwa zamu bali zilishikana.

Sababu ya kwanza ilikuwa umbo la chuo chenyewe. Harper alikusudia chuo cha utafiti, na kadiri kusudio hilo lilivyotimia ndivyo sehemu kubwa ya wanafunzi ilivyokuwa ya wale wa shahada za juu, ambao kwa kanuni za umoja wa kanda hawakuruhusiwa kucheza. Vyuo vya majimbo kama Michigan, Ohio State na Illinois vilikuwa na maelfu ya vijana wa shahada ya kwanza wa kuchagua kutoka kwao, na tena vilitoa shahada ya elimu ya viungo iliyowafaa vijana waliotaka kuwa makocha. Chicago haikuwa na shahada hiyo, na kijana aliyependa mpira kuliko vitabu hakuwa na sababu ya kwenda huko.

Sababu ya pili ilikuwa mashindano ya majengo. Katika miaka ya 1920 vyuo vya majimbo vilijenga viwanja vya kutisha kwa ukubwa: ule wa Ohio State ulifunguliwa 1922 ukiwa na nafasi za watu zaidi ya 60,000, na wa Michigan 1927 ukiwa na nafasi zaidi ya 70,000. Uwanja uliojengwa kwa mkopo hulipiwa na watazamaji wa miaka mingi ijayo, na kwa hiyo vyuo hivyo vilikuwa vimejifunga kamba ya kushinda daima. Chicago nayo ilipanua Stagg Field, lakini viti vilipoongezeka watazamaji walianza kupungua, na mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza 1929 ukazidisha upungufu huo.

Sababu ya tatu ilikuwa jiji. Katika zama za Harper futiboli ya chuo ilikuwa karibu peke yake mjini, lakini kuanzia 1921 timu ya kulipwa iliyokuja kuitwa Chicago Bears, chini ya George Halas, ilikuwa ikicheza upande wa kaskazini wa jiji, na mwishoni mwa 1925 ilimsajili Grange mwenyewe mara tu alipomaliza mchezo wake wa mwisho wa chuo. Aidha, Notre Dame, chuo cha Kikatoliki cha jimbo jirani la Indiana, kilileta michezo yake mikubwa katika uwanja wa Soldier Field, na mwaka 1927 kilipocheza hapo na Southern California watu zaidi ya 100,000 walihudhuria. Mkazi wa Chicago aliyetaka kutazama futiboli hakulazimika tena kukitegemea Chuo Kikuu cha Chicago.

Sababu ya nne ilikuwa mabadiliko ya fikra. Robert Maynard Hutchins alishika urais wa chuo 1929 akiwa na umri wa miaka 30, na kuanzia 1931 chuo kilifuata utaratibu mpya ambao haukumlazimisha mwanafunzi kuhudhuria darasani lakini ulimpima kwa mitihani mipana iliyotungwa na bodi ya pekee badala ya mwalimu aliyemfundisha. Katika utaratibu huo hapakuwa na kichochoro cha kumpitishia mchezaji dhaifu wa masomo, kwa kuwa kocha hakuwa na mwalimu wa kumbembeleza. Stagg alilazimika kustaafu baada ya msimu wa 1932, alipokwisha kutimiza umri wa miaka 70, ingawa mwenyewe alijiona bado ana nguvu. Alikwenda College of the Pacific huko California, akafundisha huko hadi 1946, na akaishi hadi umri wa miaka 102. Kuondoka kwake kuliondoa pia mtu wa mwisho ambaye nafsi yake iliunganisha uwanja na chuo.

Msimu wa 1939 na uamuzi

Clark Shaughnessy aliyemrithi Stagg hakuwa kocha dhaifu, na miaka yake ya kwanza ilipambwa na Jay Berwanger, mkimbiaji ambaye mwaka 1935 alipewa kwa mara ya kwanza kabisa tuzo ambayo leo huitwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ambaye 1936 alikuwa wa kwanza kuchaguliwa katika uteuzi wa kwanza wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa. Berwanger hakuwahi kucheza ligi hiyo, na hata yeye peke yake hakutosha kuirudishia timu ubingwa, jambo linaloonyesha kwamba upungufu haukuwa wa kipaji cha mtu mmoja bali wa hazina ya wachezaji.

Hutchins alikuwa ameueleza msimamo wake hadharani kabla ya maafa ya 1939. Desemba 1938 alichapisha katika jarida la *Saturday Evening Post* makala iliyodai kwamba mapato ya tiketi na kiu ya utukufu vimeugeuza mchezo wa wanafunzi kuwa biashara, na kwamba dawa ni kuuondoa ushawishi wa fedha. Msimu uliofuata ulimpa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipinga. Chicago ilifungwa na Beloit, chuo kidogo cha Wisconsin, 6–0. Ikafungwa na Harvard 61–0, na Michigan 85–0, na Virginia 47–0, na Ohio State 61–0, na Illinois 46–0. Ushindi wake ulikuwa miwili tu, dhidi ya vyuo vidogo vya Wabash na Oberlin. Kwa jumla ilipata pointi 37 na kufungwa 308.

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa msemo huo mtu angeweza kuilaumu Chicago kwa kukosa moyo. Lakini msemo huo unawahusu washindani, yaani watu wanaokutana kwa masharti yanayofanana, na katika Oktoba na Novemba za 1939 masharti hayo hayakuwapo tena: upande mmoja walikuwapo vijana waliosakwa na kuandaliwa kwa ajili ya mchezo, na upande wa pili wanafunzi waliocheza katika saa zilizobaki baada ya maktaba. Kuwapeleka hao wa pili mbele ya hao wa kwanza kila Jumamosi hakukuwa mashindano, na kuliwaweka katika hatari ya kuumia bila sababu.

Bodi ya Wadhamini ilikuwa na njia tatu. Ingeweza kuwafadhili wachezaji kama wengine walivyofanya, na kwa hilo kukana misingi ya masomo iliyokuwa imewekwa; ingeweza kujitoa katika umoja wa kanda na kucheza na vyuo vidogo, njia ambayo kipigo kutoka kwa Beloit kiliionyesha kuwa haina heshima wala uhakika; au ingeweza kuacha kabisa. Ilichagua ya tatu, na tangazo likatolewa kabla ya Krismasi. Shaughnessy alihamia Stanford, na katika msimu wake wa kwanza huko, 1940, timu yake haikufungwa hata mara moja na ilishinda Rose Bowl, mchezo wa heshima wa Mwaka Mpya. Kocha yuleyule aliyepata 37 kwa 308 alifika kileleni ndani ya msimu mmoja, na hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwamba tatizo la Chicago halikuwa la ufundi.

Waliofuata na wasiofuata

Hutchins alitarajia kwamba mfano wake ungeigwa, lakini hakuna chuo kingine cha Big Ten kilichoiga. Vingi vilivyoacha futiboli baadaye viliacha kwa sababu ya hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, televisheni na ligi ya kulipwa zilipowavuta watazamaji, vyuo binafsi vya mijini kama Georgetown, New York University na Fordham vilivunja timu zao kwa kushindwa kubeba gharama. Chuo Kikuu cha San Francisco ndicho chenye habari ya kuhuzunisha zaidi: timu yake ya 1951 ilishinda michezo yote tisa, ikaambiwa kwamba ingealikwa katika michezo ya heshima iwapo ingewaacha nyumbani wachezaji wake wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler, ikakataa kwa kauli moja, ikakosa mwaliko na mapato yake, na chuo, ambacho tayari kilikuwa na upungufu wa fedha, kikaivunja. Timu hiyo haikupungukiwa na ubora wala utu, bali ilikosa soko, na hapo inaonekana jinsi mapato yanavyoweza kuua hata kile kilicho bora. Hata chuo alichokwenda Stagg, ambacho leo huitwa University of the Pacific, kiliifuta futiboli 1995.

Kwa upande mwingine, chuo cha Alabama mjini Birmingham kilitangaza kuifuta timu yake Desemba 2014, lakini shinikizo na michango ya wananchi viliirudisha uwanjani 2017. Tofauti ya Birmingham na Chicago inaeleza mengi: timu ya Birmingham ilikuwa bado inabeba fahari ya mji, ilhali ya Chicago, kufikia 1939, ilikuwa imekwisha kuachwa na mji wake. Chuo kiliweza kuiacha pia kwa sababu kilikuwa na hazina ya fedha na sifa ya kitaaluma isiyohitaji tena tarumbeta ya uwanjani, sifa ambayo kwa kiasi fulani futiboli ya Stagg ilisaidia kuieneza. Mchezo ulikuwa umekwisha kufanya kazi ambayo Harper aliupa.

Jibu la tatu

Historia ya uwanja wenyewe ilichukua njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Katika chumba cha mchezo wa raketi chini ya jukwaa la magharibi la Stagg Field, 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha kwa mara ya kwanza mnyororo wa mpasuko wa atomi unaojiendesha na kudhibitiwa na binadamu, ndani ya rundo la matofali ya grafiti na urani. Chicago ilijitoa rasmi katika Big Ten 1946, majukwaa yakabomolewa 1957, na maktaba kuu ya Regenstein ikafunguliwa mahali hapo 1970. Wengi wameuona mfuatano huo kuwa muhuri wa ushindi wa kitabu juu ya mpira.

Muhuri huo, hata hivyo, unaficha jambo moja. Mwaka mmoja kabla ya maktaba kufunguliwa, yaani 1969, futiboli ilirudi Chicago kama timu rasmi ya chuo, baada ya miaka kadhaa ya wanafunzi kucheza kama klabu na baada ya upinzani, ukiwamo wa 1963 ambapo wenzao walikaa chini uwanjani kuzuia mchezo. Tangu kuundwa kwa daraja la tatu la NCAA mwaka 1973, daraja ambalo vyuo vyake haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, huko ndiko Chicago inakocheza, na tangu 1986 chuo chenyewe kimekuwa mwanachama wa umoja wa michezo wa vyuo vya utafiti vinavyofanana nacho. Kijana anayevaa jezi ya rangi ya damu ya mzee leo aliingia chuoni kwa mlango uleule wa wenzake wote.

Kurudi huko kunasahihisha hoja ya Hutchins bila kuibatilisha. Alikuwa sahihi kwamba chuo hakiwezi kutumikia tiketi na elimu kwa uaminifu uleule, na miaka iliyofuata haikumsuta. Alikosea alipoacha ionekane kwamba kati ya tamasha kubwa na uwanja mtupu hapana kitu, kwa maana wanafunzi waliofungwa 85–0 hawakuwa na hatia ya biashara hiyo, na waliowafuata kwa miaka 30 walinyimwa mchezo kwa kosa ambalo si lao. Harper aliutumia mchezo kukijenga chuo, Hutchins aliuondoa ili kukilinda, na ilichukua kizazi kizima kufikia jibu ambalo lilistahili kuja kwanza: kwamba mchezo ndani ya chuo ni wa wanafunzi wanaoucheza, na kwamba pale unapokuwa wao kweli hauhitaji kujengewa ukubwa, wala hauhitaji kufutwa.